Nafasi Kati ya Mtoto na Mtoto

Katika Kiswahili chetu lipo neno ambalo wazee hawapendi kulitamka mbele ya watoto. Neno lenyewe ni kubemenda. Mtoto mchanga akidhoofu, miguu ikawa kama njiti, akaharisha kila mara na kuchelewa kusimama, majirani hunong'onezana kwamba huyo amebemendwa. Maana yao ni kuwa wazazi wake hawakustahimili. Wamekutana kabla ya wakati, au mama ameshika mimba nyingine ilhali yule wa kwanza bado ananyonya.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya barua niliyoletewa na msikilizaji mmoja. Ndugu huyo ameniuliza kwa ukali kidogo: je, uzazi wa mpango si hila ya Wazungu ya kutupunguza? Anasema babu zetu hawakuyajua mambo hayo, walizaa kadiri walivyojaliwa, na dunia ilikwenda. Swali lake ni la haki, tena najua si lake peke yake. Nalisikia kwenye daladala, nalisikia misibani, nalisikia hata kwa watu waliosoma. Kwa hiyo juma hili sitalijibu kwa kejeli. Nitalijibu kwa historia, na msomaji atapima mwenyewe.

Tuanze na hao babu zetu, na hasa bibi zetu, maana wao ndio waliokuwa wakizaa. Si kweli kwamba walizaa mfululizo kama kuku. Katika sehemu nyingi za Afrika ilikuwa aibu kubwa mwanamke kuonekana na mimba huku amembeba mgongoni mtoto asiyeweza kutembea. Mama aliyejifungua alirudi kwa wazazi wake, au alikaa mbali na mumewe hata kama walilala nyumba moja, mpaka mtoto apate nguvu. Kwa Wayoruba wa Nigeria, kwa mfano, muda huo ulifika miaka 2 hata 3. Huku kwetu Pwani kungwi alimfunda mwari mambo haya kabla hajaolewa, na kitisho cha kubemenda kilikuwa kama askari aliyesimama mlangoni.

Kunyonyesha kwenyewe nako kuna kazi yake. Wataalamu waliokaa na watu wa kabila la Wakung wa jangwa la Kalahari katika miaka ya 1960 na 1970 waliona kwamba mama wa huko alipata mtoto mara moja katika kila miezi ipatayo 44, bila kidonge na bila sindano. Mtoto alinyonya mara kwa mara mchana kutwa, na usiku vilevile. Kila mtoto anaponyonya, mwili wa mama hupata ujumbe wa kuchelewesha yai. Mwaka 1988 wataalamu wa uzazi walikutana Bellagio, nchini Italia, wakakubaliana kwamba mama anayemnyonyesha mtoto wake maziwa yake tu, au karibu yake tu, ambaye hedhi haijarudi, na ambaye mtoto wake hajatimiza miezi 6, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 dhidi ya mimba. Wazee wetu hawakuwa na hesabu hiyo, lakini walikuwa na macho.

Macho hayo yaliwafundisha hata madaktari. Mwaka 1929 mwanamke mmoja daktari, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyesomea Oxford, alipelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Huko aliwaona watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu na matumbo, nywele zimegeuka rangi na ngozi inabanduka. Wenzake walidhani ni ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana. Yeye aliwauliza akina mama wa Kiga wanauitaje. Wakamwambia kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeng'olewa kifuani kwa sababu mdogo wake amekuja. Mwaka 1933 aliandika habari zake katika jarida la madaktari, na mwaka 1935 akalitaja jina hilo katika jarida la Lancet. Tangu hapo dunia nzima inalitumia, nasi tunasema kwashakoo au unyafuzi.

Hebu tafakari jambo hili. Waga wa Accra na Waswahili wa Pwani wako mbali sana, lakini kila mmoja alikuwa na neno lake la msiba uleule. Mtoto anaumia pale mwingine anapokuja upesi. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye barua, kupanga nafasi kati ya mtoto na mtoto hakukuletwa na meli. Tulikuwa nako.

Hata hivyo sitaki tuyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Njia ile ilikuwa na kasoro zake. Kwanza, mara nyingi aliyejizuia alikuwa mwanamke peke yake. Mume mwenye wake wawili au watatu alihamia nyumba ya pili, na yule asiye na mke wa pili alijua pa kwenda. Pili, maelezo yenyewe hayakuwa sahihi. Mbegu za mwanamume haziharibu maziwa ya mama. Kinachomdhuru mtoto ni kukosa chakula cha kutosha na matunzo pale anapoachishwa ghafla, pamoja na maradhi yanayomkuta akiwa dhaifu. Tatu, neno kubemenda lilikuwa na fimbo ndani yake. Mama ambaye mtoto wake amedhoofu aliogopa kumtoa nje asije akachekwa, akamficha ndani badala ya kumpeleka hospitali. Wapo watoto waliokufa kwa aibu ya wazazi wao.

Sasa tuulize, utaratibu huo wa kale ulivunjikaje? Hapa msikilizaji wangu atashangaa, maana Wazungu wa kwanza kuingilia uzazi wetu hawakutaka tupungue. Walitaka tuongezeke.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Ubelgiji iliyotawala Kongo ilikuwa na hofu. Unyama wa enzi ya mpira, malale na maradhi mengine vilikuwa vimekwisha kuwaangamiza watu wengi, na migodi ilihitaji wafanyakazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba, mwanzoni ilichukua vijana kwa mikataba mifupi, wengi kutoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwendo. Iliwataka wafanyakazi wake wakae kambini na wake zao, ikatoa posho ya chakula kwa mke na watoto, ikajenga kliniki za wazazi. Makambi hayo ya Katanga ndiyo yaliyokikuza Kiswahili cha upande ule. Na katika Kongo nzima madaktari, wamisheni na maofisa walilalamika kwamba mama wa Kiafrika ananyonyesha muda mrefu mno na kukaa mbali na mumewe muda mrefu mno. Wakafungua vituo vya watoto wachanga, wakagawa maziwa, wakawafundisha akina mama kuachisha mapema, ili nafasi kati ya mtoto na mtoto ipungue. Hesabu yao ilikuwa wazi: watoto wa leo ni vibarua wa kesho.

Mambo mengine yalisaidia kuvunja desturi. Misheni zilikataza wake wengi, jambo ambalo lilimwondolea mume ile nyumba ya pili bila kumfundisha njia nyingine. Baba alikwenda mkonge, migodini au mjini, akirudi likizo ya mwezi mmoja hawezi kuambiwa asubiri. Mama naye alihamia mji ambako hakuna mama mzazi wa kurudia wala kungwi wa kumlinda. Halafu yakaja maziwa ya kopo na chupa. Yule yule Dk. Cicely Williams, akiwa Singapore mwaka 1939, aliihutubia klabu ya Rotary, na hotuba yake akaiita Maziwa na Mauaji, kwa sababu aliona watoto wakifa kwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu. Dunia ilichukua zaidi ya miaka 40 kumsikia. Ni mwaka 1981 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo.

Matokeo yake yalionekana katika hesabu za watu. Sensa ya mwaka 1948 iliikuta Kenya na watu wapatao milioni 5.4. Ile ya 1969 iliwakuta milioni 10.9, na ya 1979 milioni 15.3. Si kuzaa tu kulikoleta ongezeko hilo. Chanjo na dawa ziliwaokoa watoto ambao zamani wangekufa, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya, kwa wastani, angezaa watoto 8 katika maisha yake. Mara wale wale waliotaka tuongezeke wakaanza kusema tumezidi.

Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa taifa wa uzazi. Tom Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alikuwa miongoni mwa waliousukuma, na wataalamu kutoka Marekani walialikwa mwaka 1965 kutoa ushauri. Mpango ulianza mwaka 1967. Miaka kumi baadaye, kama nilivyosema, mama alikuwa bado anazaa watoto 8. Mpango uliandikwa kwa lugha ya uchumi: idadi ya watu, pato la taifa, nafasi za kazi. Mama wa Murang'a au Kisumu hakuzaa kwa ajili ya pato la taifa. Alizaa kwa sababu hakujua wangapi watabaki hai, kwa sababu shamba lilihitaji mikono, na kwa sababu mumewe na mama mkwe walihesabu. Kliniki ilikuwa mbali, na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini.

Mambo yalikuja kubadilika katika miaka ya 1980, na sababu zake zinafundisha. Mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka hayagawanyiki tena. Ada za shule zilipanda. Wasichana walioingia shuleni baada ya uhuru walikuwa sasa ni akina mama wenyewe. Watoto wengi zaidi walikuwa wanaishi. Na serikali iliwatuma wanawake wa vijijini, wanaofahamika kwa majirani zao, wagawe vidonge na mipira nyumba kwa nyumba. Wastani ule wa watoto 8 ukashuka hadi 6.7 mwaka 1989 na 5.4 mwaka 1993. Ulisimama kidogo kati ya 1998 na 2003, wakati UKIMWI uliponyang'anya huduma hiyo fedha na wauguzi, kisha ukaendelea kushuka hadi 3.4 mwaka 2022. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyefungwa pingu ili hayo yatokee.

Kwingineko, ndugu msomaji, pingu zilitumika, na hapa namwelewa kabisa mwenye barua anapokuwa na wasiwasi. Nchini India, wakati wa hali ya hatari kati ya 1975 na 1977, serikali iliweka viwango vya watu wa kufungwa kizazi. Walimu na makarani waliambiwa walete watu la sivyo hawatapata mishahara. Katika mwaka mmoja watu zaidi ya milioni 8 walifungwa kizazi, wengi wao wanaume maskini. Wananchi walijibu kwa kura. Mwaka 1977 serikali ile iliangushwa, na kwa miaka mingi baadaye neno uzazi wa mpango lilinuka katika vijiji vya India. China nayo, kuanzia karibu mwaka 1980 hadi 2015, iliwaruhusu wazazi wengi mtoto mmoja tu, na akina mama walitolewa mimba kwa nguvu. Hata vidonge vyenyewe vina historia ya kuudhi. Kabla ya kuruhusiwa Marekani mwaka 1960, vilijaribiwa kuanzia 1956 kwa wanawake maskini wa Puerto Rico, na malalamiko yao ya kichwa na kichefuchefu hayakutiliwa maanani. Zimbabwe, mara tu baada ya uhuru, mwaka 1981, ilipiga marufuku sindano ya Depo-Provera kwa kuona kwamba utawala wa walowezi uliwachoma wanawake Waafrika bila kuwaeleza.

Kwa hiyo shaka ya watu wetu si ujinga. Ila tuangalie kosa liko wapi. Katanga walimwambia mama azae upesi. India na China walimwambia aache kuzaa. Amri hizi mbili zinapingana, lakini zinafanana katika jambo moja: mwenye tumbo hakuulizwa.

Tanzania tulianza kwa mwendo wa pole. Chama kilichokuja kuitwa UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora, kilianza Dar es Salaam mwaka 1959 kikiwa kikundi kidogo cha mjini. Mwaka 1969, alipokuwa akiufungulia milango Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aligusia jambo hili. Hakusema tupunguze watu. Alieleza kwamba watoto wana haki ya kutunzwa, na kwamba kabla ya kujisifu kwa wingi wao inafaa tujiulize kama tunaweza kuwalea vema. Mwaka 1974 huduma hiyo iliingizwa pamoja na huduma za mama na mtoto katika zahanati za serikali. Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ikaja mwaka 1992.

Mimi hulitazama sana jina tulilolichagua miaka ile. Hatukusema kuzuia uzazi. Tulisema uzazi wa majira, na vidonge vikaitwa vidonge vya majira. Mkulima anajua majira. Hapandi mahindi kabla ya mvua wala hapandi tena kabla hajavuna, na hakuna anayemwambia kwamba anachukia mahindi. Jina hilo lilirudisha neno mahali pa bibi zetu, kwenye nafasi, badala ya kwenye idadi. Watu wakalielewa.

Redio nayo ilifanya kazi yake. Wengi wenu mnakumbuka mchezo wa Twende na Wakati ulioanza Redio Tanzania mwaka 1993, na yule dereva wa lori, Mkwaju, aliyetuchekesha na kutukasirisha. Kwa muda wa miaka miwili hivi mchezo huo haukusikika katika eneo la Dodoma, ambako kituo kilirusha vipindi vingine, ili watafiti waweze kulinganisha. Walikuta kwamba kule mchezo uliposikika mke na mume walizungumza zaidi kuhusu uzazi, na wengi zaidi walikwenda kliniki. Ulipoanza kusikika Dodoma, huko nako ikawa vivyo hivyo. Mnaona? Kilichokuwa kimekosekana zaidi ya dawa ni mazungumzo kitandani.

Mwaka 1991 na 1992 mwanamke wa Tanzania alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 6, na katika wanawake 100 walioolewa ni 7 tu waliotumia njia za kisasa. Uchunguzi wa 2022 ulikuta wastani wa 4.8, na katika kila wanawake 100 walioolewa wapatao 31 walikuwa wakitumia njia hizo. Vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2015 na 2016, vilikadiriwa kuwa 104 mwaka 2022. Si nafasi peke yake iliyoleta nafuu hiyo. Zipo barabara, wakunga, damu na vyumba vya upasuaji. Lakini mama ambaye hajashika mimba asiyoitaka hawezi kufa nayo. Na bado mwanamke mmoja hivi katika kila wanawake watano walioolewa anataka kupumzika au kuacha kuzaa, lakini hatumii njia yoyote.

Mwaka 1994 mataifa 179 yalikutana Cairo kuzungumzia idadi ya watu. Kabla ya hapo mikutano ya namna hiyo, wa Bucharest mwaka 1974 na wa Mexico mwaka 1984, ilikuwa ya kugombana juu ya takwimu. Cairo ilisema jambo jingine: tuache kuwapangia watu viwango, tuanze na haki na afya ya mwanamke, elimu yake na uamuzi wake. Ni maneno mazuri. Ila maneno ya mikutano ni mepesi kuyasahau.

Sisi wenyewe tuliyumba. Mwaka 2018 Rais John Magufuli aliwataka wanawake waachane na dawa za uzazi wa mpango kwa kuwa nchi ina ardhi na chakula, na matangazo ya huduma hiyo yakasimamishwa redioni na kwenye televisheni. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba wananchi wapunguze mwendo, maana madarasa na zahanati haviwahi kutosha. Sisemi haya ili kumlaumu kiongozi. Kila mmoja alikuwa na hoja yake kuhusu taifa. Nasema tu kwamba mama wa Simiyu au Geita hawezi kubadili mwili wake kila yanapobadilika maneno jukwaani.

Na huko wanakotoka wafadhili ni hivyo hivyo. Tangu mwaka 1984 Marekani imekuwa na kanuni inayonyima fedha mashirika ya nje yanayojihusisha na utoaji mimba, na mengi kati ya hayo ndiyo yanayogawa vidonge na sindano. Iliondolewa mwaka 1993, ikarudishwa 2001, ikaondolewa 2009, ikarudishwa 2017, ikaondolewa 2021, ikarudishwa tena 2025. Mwaka huo huo wa 2025 Marekani ilifuta misaada yake mingi, na shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya karibu dola milioni 10 ikakwama ghalani nchini Ubelgiji, sehemu yake kubwa ikiwa imekusudiwa nchi za Afrika, Tanzania mojawapo. Wakati mmoja Ubelgiji iliamua mama wa Katanga azae lini. Safari hii kufuli la ghala moja huko liliamua vivyo hivyo, ingawa ufunguo ulikuwa Washington. Huduma inayotegemea uchaguzi wa nchi nyingine si huduma yetu. Hapo mwenye barua na mimi tuko upande mmoja: fedha za jambo hili zitoke katika bajeti zetu wenyewe.

Kuna wanaouliza habari ya dini. Mimi si shehe wala padri, lakini mambo yanayojulikana nayataja. Kurani inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na wanazuoni wa kale, Imamu Ghazali mmojawapo, waliijadili njia ya kumwaga nje na hawakuiharamisha. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, lilikataa njia za kisasa, lakini lilikubali wazazi kuwa na sababu njema za kuachanisha watoto kwa kufuata siku za mwanamke. Wanatofautiana katika njia. Katika nafasi yenyewe hawatofautiani.

Sasa nafasi hiyo iwe ya muda gani? Mwaka 2005 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba baada ya kujifungua salama mama asubiri angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ukiongeza miezi 9 ya kubeba, mtoto na mdogo wake wanaachana karibu miaka mitatu. Linganisha na desturi za bibi zetu, utaona si mbali. Sababu zake ni za kawaida. Mimba, uzazi na kunyonyesha hula damu na madini ya mama, na mwili unahitaji muda wa kuyarudisha. Mimba zikifuatana upesi, mtoto wa pili ana hatari zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo, na yule wa kwanza anapoteza ziwa na mgongo kwa pamoja.

Njia zipo nyingi: kunyonyesha kwa masharti niliyoyataja, vidonge, sindano, vipandikizi, kitanzi, mipira, na kufunga kizazi kwa waliotosheka. Kila moja ina maudhi yake, na mama aelezwe kabla, si baada. Sindano, kwa mfano, hubadili hedhi, na baada ya kuiacha mimba yaweza kuchelewa miezi kadhaa. Asipoambiwa hayo atadhani amelogwa au ameharibiwa, na kesho yake mtaa mzima utajua. Wauguzi wetu nao wajiangalie. Uchunguzi wa mwaka 1996 katika vituo vya Tanzania ulikuta watoa huduma wengi wakiweka masharti yao wenyewe, huyu ni mdogo, yule hajazaa vya kutosha, ambayo hayakuwa na sababu ya kitabibu. Mtindo wa kumwambia mama wa watu akalete kibali cha mumewe nao ulidumu muda mrefu. Kumnyima anayetaka na kumlazimisha asiyetaka ni mzizi mmoja.

Namalizia kwa akina baba wenzangu, kwani nimeona barua nyingi za kulaumu jambo hili zimeandikwa na sisi. Desturi ya kale ilimtaka mwanamume naye asubiri, hata kama wengi walikwepa. Leo twaweza kusubiri bila kuhama nyumba. Mwulize mkeo anataka kupumzika muda gani, kisha mnyamaze pamoja na kulifikiri jibu lake. Mtoto akiwa kliniki kupimwa uzito, siku moja nenda wewe, ukae kwenye benchi na akina mama, umsikilize muuguzi. Ukiwa na swali liulize pale pale.

Ndugu yangu uliyeniandikia, jibu langu ndilo hilo. Hila za kutupangia uzazi zilikuwapo, na zilikuja kutoka pande zote mbili. Nafasi kati ya mtoto na mtoto ni kitu kingine, na tulikuwa nacho kabla hatujatawaliwa. Kama hukubaliani nami, niandikie tena. Barua yako nitaisoma hewani.